Ukifiwa na Mwalimu wa Muziki Bujumbura: Mwongozo kwa Asiyejihadhari

Mwongozo huu haukuandikwa kwa ajili ya watoto wa marehemu. Wao wana wajomba wa kuwaongoza, wana daftari la madeni, na wana haki ya kulia bila kuulizwa wao ni nani. Umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa zamani: mtu aliyefundishwa gitaa, kinanda au sauti ya pili na mzee fulani wa Buyenzi, Bwiza au Nyakabiga, kisha akahama mtaa, akapata kazi, akapunguza kwenda kumsalimia, na leo amepokea ujumbe wa sauti wa sekunde chache kwamba "Metre", yaani mwalimu, "ametuacha".

Mtu huyo yumo hatarini. Anadhani msiba ni jambo la moyo. Bujumbura, msiba ni jambo la viti, esansi, hotuba na michango. Moyo hupewa nafasi yake baadaye, ratiba ikiruhusu. Fuata hatua zifuatazo na utatoka salama. Usipozifuata pia utatoka, ila watu watakuwa na la kusimulia.

1. Ujue dini yake

Usicheke. Wapo waliosoma kwa mzee miaka mingi bila kujua anasali wapi, maana sebuleni kwake mazungumzo yalikuwa mawili tu: nyuzi na chai. Jumamosi usiku alipiga rumba harusini, Jumapili alipitia kwaya ya parokia kuwanyoosha wanaume wa besi, na Ijumaa mchana alikuwa haonekani. Buyenzi, mtaa wa Waswahili tangu enzi za Wabelgiji, maisha ya namna hiyo hayamshangazi mtu.

Kama mzee alikuwa Mwislamu, huna muda wa kununua nguo. Amefariki alfajiri, alasiri huenda ameshazikwa. Ukifika jioni kutoka Ngozi au Rumonge utakuta mikeka, wazee wenye tasbihi na sinia la wali. Gitaa ulilobeba begani kwa pupa ya huzuni liache kwa jirani, tena jirani wa nyumba ya tatu. Wapo masheikh ambao hawazitaki nyuzi hata harusini, sembuse matangani, na watoto wa marehemu wamekula nusu ya umri wao wakimtetea baba yao mbele ya hao. Usiwavunjie kesi siku ya hukumu. Kazi yako ni kukaa, kuitikia amina, na kuingiza bega chini ya jeneza ukipewa nafasi. Siku ya hitima rudi, kula ulichopewa, sema neno moja jema kwa mkubwa wa nyumba. Hapo umemaliza, na umefanya vizuri kuliko wengi.

Kama alikuwa Mkatoliki au Mprotestanti, muda utakuwapo, tena mwingi kuliko unavyoutaka. Mwili utasubiri katika chumba baridi cha hospitali wakati kamati inaundwa. Kila jioni watu watakaa kilioni, kuni zikiwaka uani, viti vya plastiki vya kukodi vikiwa vimepangwa mpaka barabarani. Baada ya maziko watu hukusanyika kunawa mikono na kunywa kidogo, shughuli ambayo Warundi huiita gukaraba. Baadaye matanga huondolewa kwa awamu, na mwisho kabisa, mara nyingi mwaka mzima ukiwa umepita, huja kuganduka, ambapo huzuni hufungwa rasmi kwa misa, hotuba na kreti za bia ya Primus. Kila awamu ina kamati yake, na kila kamati ina simu yako.

2. Tafuta esansi kwanza, machozi baadaye

Makaburi ya Mpanda yako nje ya mji, upande wa kaskazini, na marehemu mmoja anaweza kusindikizwa na magari ishirini. Hilo lilikuwa jambo jepesi zamani. Miaka hii ya karibuni, foleni za esansi Bujumbura zimezunguka mitaa, watu wakilala ndani ya magari yao kulinda nafasi, na msafara wa mazishi umekuwa mtihani wa hesabu: nani ana lita ngapi, na nani anasema uongo kuhusu lita alizonazo.

Kwa hiyo jifunze haya. Mwenye gari lenye mafuta siku ya msiba ni mkubwa kuliko mwenye shahada. Msalimie kwa heshima. Ukipewa nafasi kwenye Probox, kaa ulipowekwa na ukunje magoti yako. Usikubaliane na mtu yeyote kukutana katikati ya mji kwa pikipiki au tuktuk, kwani Machi 2022 vyombo hivyo pamoja na baiskeli vilizuiwa kuingia huko, nawe unaweza kujikuta ukimalizia safari kwa miguu, viatu vya msibani vikikubana. Na kama maziko yamepangwa Jumamosi, kumbuka kazi za jamii za asubuhi. Mpaka zimalizike barabara huwa kimya, na askari wa kizuizini hana sababu ya kujua kwamba ndani ya gari lako yumo mpiga solo wa bendi ya kwanza ya marehemu.

3. Ingia kwenye kundi la WhatsApp, lakini usiandike kitu

Kundi litaundwa ndani ya saa moja. Picha yake itakuwa ya mzee akiwa na suti isiyo yake, iliyokatwa kutoka picha ya harusi ya mtu mwingine. Wanachama watakuwa wanafunzi wa vizazi vitatu, nusu yao wakiwa Ubelgiji, Kanada na Nairobi. Wa ng'ambo watatuma sauti ndefu. Wa nyumbani watatuma namba ya Lumicash ya kupokea michango.

Hapa ndipo asiyejihadhari huumia. Orodha ya michango huandikwa kwa majina, na kila anayeongeza jina lake huinakili yote na kuirusha upya, hata simu yako ikajaa majina ya watu waliotoa zaidi kuliko wewe. Usishindane. Angalia badala yake jambo moja la kupendeza: mtu aliyekuwa akijificha kila mwisho wa mwezi asilipe ada ya masomo, akipita nyuma ya nyumba ya mzee ili asiitwe, leo ametangaza laki moja ya turubai. Mzee alipokuwa hai, ada ile ingemnunulia seti ya nyuzi na kilo za mchele. Turubai litampa kivuli chake cha mwisho kwa saa nne, kisha litarudishwa kwa mwenyewe.

Usilitaje hilo kundini. Nawe pia ulipita nyuma ya nyumba.

4. Jua kwamba mwaka wake wa kuzaliwa haupatikani

Mtu wa kuchapisha ratiba ya misa atataka tarehe mbili. Ya pili ipo kwenye karatasi ya hospitali. Ya kwanza itazua mkutano. Kitambulisho chake kitasema alizaliwa "mnamo" mwaka fulani, kama walivyoandikiwa wazee wengi wa nchi hii ambao karani alikadiria umri wao kwa kuwatazama meno. Dada yake atasema alizaliwa mwaka wa njaa. Mwanafunzi mmoja atasema mzee mwenyewe alimwambia alikuwa akicheza kwenye msafara wa Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa Oktoba 1961. Mwingine atasema aliambiwa kwamba wakati huo mzee alikuwa bado ananyonya.

Kubali mwaka wowote uliotajwa na mtu mzima kuliko wote. Si aibu. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyewafunda wasichana unyago na kuimba taarab tangu ujana mpaka uzeeni, alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 dunia nzima ilitangaza kifo chake, na hakuna aliyeweza kusema kwa yakini alikuwa na umri gani. Wanafunzi wake hawakupungukiwa kitu kwa hilo.

5. Watambue waombolezaji kabla hawajakutambua

Mwanafunzi Bora. Atajitambulisha hivyo mwenyewe. Atakueleza kwamba mzee alimwambia, faraghani, kwamba hajawahi kuona kidole kama chake. Mzee alimwambia kila mtu hivyo. Ilikuwa ndiyo njia yake ya kumrudisha mtoto darasani wiki ya pili.

Mwenye Historia. Huyu anajua nani alipiga na nani mwaka gani. Atakutajia Canjo Amissi, atakutajia David Nikiza na Africa Nova, na kila akitaja jina atamsogeza marehemu hatua moja karibu na jukwaa. Ikifika saa nne za usiku, mzee atakuwa ndiye aliyewafundisha wote. Mwenye Historia aliyekubuhu ataongeza mwimbaji Khadja Nin, kwa kuwa ni kweli alizaliwa Bujumbura mwaka 1959 na kuanza kuimba kwaya akiwa mtoto, na kwa hiyo mzee yeyote wa mji huu aliyewahi kugusa kinanda anaweza kusingiziwa. Usibishe. Mzee hakusema uongo huo alipokuwa hai. Mwache ausikie bure.

Mheshimiwa. Atafika amechelewa, atakaa mbele, ataondoka mapema. Alisoma kwa mzee miezi miwili, akaacha kwa sababu vidole vilimwuma. Atapewa kipaza sauti.

Mdaiwa. Amekaa nyuma, karibu na moto, na hasemi. Ana gitaa la mzee aliloliazima "kwa wiki moja" miaka mingi iliyopita. Huyu analia kweli kuliko wote watatu.

Jirani. Hakusoma muziki. Amesikia kupitia ukuta somo la kwanza la watoto wa mtaa mzima, kila siku, nyuzi zote sita zikiwa hazijalingana, na hakuwahi kulalamika. Mpe kiti kizuri.

6. Hotuba zitakuwapo, jikinge

Mrundi husifiwa kwa usemi. Ethel Albert, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyefanya utafiti Burundi miaka ya 1950, alichapisha mwaka 1964 makala nzima kuhusu jinsi nchi hii inavyothamini ufasaha, na jinsi watoto wa kiume wa nyumba kubwa walivyofunzwa kusema tangu wadogo: namna ya kuomba, ya kushukuru, ya kusema jambo kwa kulizunguka. Hakuwahi kukaa kwenye kuganduka kwa mwalimu wa muziki akiwa na njaa. Angeandika kitabu.

Utaratibu ni huu. Atasema wa ukoo wa baba. Atajibiwa na wa ukoo wa mama. Atasema wa majirani, wa parokia, wa kwaya ya kwanza, wa kwaya ya pili ambayo ilijitenga na ya kwanza na ambayo itaeleza kwa adabu sababu za kujitenga. Kila msemaji ataanza kwa kusema hana maneno mengi. Katikati atatokea mmoja wa wanafunzi, labda wewe, kwa sababu Mheshimiwa ameondoka na nafasi yake imebaki wazi.

Ukisimamishwa, shika mambo matatu. Salimu wakubwa kwanza, mmoja mmoja, kwa mpangilio wao. Katika ngoma za Burundi inkiranya ndiyo inayoongoza na nyingine huifuata, na katika kila familia yupo inkiranya mmoja, ambaye mara nyingi ni shangazi mfupi aliyekaa pembeni. Mtafute kwa macho kabla hujafungua mdomo. Pili, usieleze muziki. Watu wamechoka na hawataki kusikia habari za solfeji. Tatu, taja jambo moja tu alilokufanyia, dogo, lenye ushahidi. Kwa mfano, kwamba waya wa kwanza ulipokatika na duka la nyuzi limefungwa, alikufungia waya wa breki ya baiskeli, akaukaza mpaka ukalia sawasawa, akakwambia uendelee. Kisha kaa chini. Watu watakupenda kwa kukaa chini kuliko kwa lolote ulilolisema.

7. Usilete ngoma

Kila msiba wa mwanamuziki huwa na kijana mmoja mwenye wazo kubwa: tumzike mzee kwa ngoma, zile zenyewe, za mti wa umuvugangoma, vijana wamezibeba vichwani wakiingia makaburini. Wazo ni zuri. Mkamateni haraka.

Ngoma hizi zilikuwa za mwami. Ufalme uliondolewa Novemba 1966, ngoma zikahamia kwenye sherehe za serikali, na mwaka 2014 UNESCO ikaziandika katika urithi wa binadamu wote. Binadamu wote, isipokuwa aliye na msiba bila kibali. Amri ya rais ya Oktoba 2017 ilisema ngoma ni za shughuli rasmi, kwamba anayetaka kuzipigisha nje ya hizo aombe ruhusa wizarani na alipe faranga 500,000 kwenye hazina ya serikali, na kwamba wanawake wasizipige. Kwa hiyo kama mzee alikuwa na mwanafunzi wa kike mwenye mkono mzuri kuliko wavulana wote wa mtaa, na kwa kawaida alikuwa naye, huyo atabaki amekunja mikono.

Pima fedha hizo na ada ya mzee, kisha uniambie ni miezi mingapi ya masomo.

Na ukiona uchungu, jua kwamba wengine walishazitumia sauti za ngoma hizo bila kulipa hata senti kwa aliyezifundisha. Mwaka 1967 Wafaransa wa lebo ya Ocora walizirekodi hapa nchini. Mwaka 1971 sauti zile zile ziliongezewa gitaa na kinanda huko Ulaya na kuuzwa kama wimbo wa dansi kwa jina la Burundi Black. Mwaka 1975 Joni Mitchell alizitia ndani ya wimbo wake The Jungle Line. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijana wa London, Adam and the Ants na Bow Wow Wow, walijipatia umaarufu kwa mapigo ya namna hiyo. Wapigaji wenyewe walialikwa Uingereza mwaka 1982, kwenye tamasha la kwanza la WOMAD, na watu wakashangaa kuona kwamba mapigo yale yana wenyewe. Sasa tafuta kwenye majalada ya santuri hizo jina la mzee aliyewafundisha wapigaji walipokuwa watoto, aliyewarekebisha mikono, aliyewaambia warudie. Hulipati. Walimu wa muziki hawaandikwi kwenye jalada, na jambo hilo halikuanzia Buyenzi.

8. Ukiombwa uimbe, imba chini

Kwaya mbili zitashindana, na sauti ya juu ya kwaya ya pili itapanda mpaka mbwa wa Nyakabiga waitikie. Ukiombwa wewe, usiingie kwenye mashindano hayo. Nchi hii ina aina ya muziki ambayo msikilizaji wa kwanza hudhani redio imeharibika: mpiga inanga anagusa nyuzi na huku ananong'ona maneno, haimbi, ananong'ona tu, na nyuzi ndizo zinazobeba wimbo. Joseph Torobeka alisikika hivyo kwenye rekodi zile za Ocora, na ili umsikie ni lazima unyamaze. Mzee wako alikulazimisha kuusikiliza mnong'ono ule ulipokuwa na miaka kumi na minne na ukitaka kujifunza solo za Franco wa Kongo. Ulikasirika. Uliona anakupotezea muda.

Basi kabla hujaanza kuimba, linganisha nyuzi. Hakuna atakayejua tofauti isipokuwa watu saba au wanane waliotawanyika uani, ambao watakuona ukiinamia gitaa na kuukaza waya wa pili kidogo, kisha kuulegeza kidogo, kama alivyokuwa akifanya yeye, ameufunga mdomo na anahema kupitia puani. Watu hao hawatasema kitu. Watakuangalia mikono. Mpaka hapo umeshamlilia mzee mbele za watu, na wimbo wenyewe ni wa ziada.

9. Usichukue ukumbusho

Siku ya tatu wanafunzi huanza kuzungukazunguka chumba cha mzee. Kila mmoja anataka "kitu kidogo tu". Mmoja ametia mfukoni ufunguo wa kukazia nyuzi. Mwingine amebeba madaftari ya nota "ili yasipotee", na madaftari yaliyobebwa kwa sababu hiyo hayajawahi kuonekana tena Bujumbura. Kuna kaseti, sanduku zima, zenye majina ya nyimbo kwa kalamu ya risasi, na hakuna anayejua ni zipi mzee alijirekodi mwenyewe na ni zipi alirekodi kutoka redioni.

Hapa mwongozo huu unaacha mzaha. Kaa na mkubwa wa familia, mbele ya mashahidi, na mwandike kila kitu: gitaa la nani, kaseti ngapi, madaftari mangapi. Anayeazima aweke sahihi. Kaseti zipelekwe kwa mtu mwenye kifaa cha kuzihamishia kwenye kompyuta, nakala ibaki kwa watoto, na mtu asizifanyie biashara bila wao kujua. Hii ni kazi ya siku mbili za vumbi na kukohoa, na haina kipaza sauti. Watakaoifanya watakuwa wachache. Mdaiwa atakuwa mmoja wao, na siku hiyo atalirudisha gitaa.

10. Huzuni yenyewe itakuja bila ratiba

Utazika, utanawa mikono, utarudi kazini. Utajisifu kwamba umeubeba msiba vizuri. Halafu siku moja kijana wa kuuza vocha, kandokando ya soko, atakuwa anajifunza gitaa kwa kukisia, na waya wake wa tatu uko chini kidogo. Utasimama. Utasubiri mtu aseme "rudia". Hakuna atakayesema.

Wenyeji watakwambia mwihangane, na ni neno jema, litumie. Lakini usijilaumu kwamba machozi yako yamechelewa baada ya kamati kuvunjwa. Mwalimu wa muziki amekuwekea vitu sikioni, na sikio halifungi matanga pamoja na watu wengine. Utamsikia kila nyuzi zitakapokosea karibu nawe, na Bujumbura nyuzi hukosea kila siku.

Kijana wa vocha, kama una dakika kumi, mwelekeze. Usimtoze.

11. Kwa ambaye mwalimu wake bado yu hai

Wapo mtakaosoma mwongozo huu kabla ya wakati. Nyinyi ndio wenye bahati, na kwenu nina maagizo mafupi.

Mzee wako bado yuko pale pale, kwenye avenyu ile yenye namba, nyuma ya geti la bati. Macho yamepungua, waya anaupapasa, lakini masikio bado anayo. Kundi la WhatsApp la msiba wake litakusanya, kwa siku tatu, fedha ambazo hajawahi kuziona pamoja maishani mwake, na atakuwa hazioni. Turubai, viti, vinywaji, usafiri: vyote hivyo mtavipata, kwa sababu mji huu haumwachi mtu azikwe peke yake. Anachokosa ni cha sasa: dawa ya presha, seti ya nyuzi, na mwanafunzi wa zamani wa kumbishia juu ya sauti ya pili.

Basi piga hesabu ya ada uliyokwepa. Hesabu kwa haki, na miezi uliyosema u mgonjwa uihesabu pia. Nenda wiki hii, usisubiri Jumamosi kwa sababu ya barabara. Mpe mkononi, si kwa Lumicash, na usimpigie picha akipokea. Atakataa mara ya kwanza, maana ni mtu mzima na amelelewa vizuri. Weka chini ya kikombe cha chai, kisha mwombe akufundishe jambo moja ambalo hukulielewa zamani.

Akikwambia urudie, rudia.